Dereva wa bwato akisema "tungoje", msimlazimishe

Ndugu wafanyakazi wa migodi, bamama, na vijana wa nyumbani,

Mtashangaa kuona mtu wa sendika anaandika juu ya mabwato. Kwa kawaida tunaongea mshahara, buti, vumbi na mashimo yenye kuanguka. Lakini hesabuni wenyewe: kati yetu ni wangapi wanapita majini ili wafike kazini, ao ili kazi iwafikie nyumbani? Wachimbaji wa zahabu wa pande za Fizi wanatoka Uvira na Kalemie kwa njia ya Tanganyika. Wale wa Numbi na Nyabibwe wanashuka Minova kutafuta bwato ya Goma. Kuko wenzetu wa Kilwa na Pweto, ambao Ziwa Moero njo barabara yao. Na mama anayepelekea bwana yake unga na chumvi, mwanafunzi anayerudi masomo, maiti anayerudishwa kijijini kwa mazishi, hao wote wako ndani ya bwato moja pamoja na mifuko ya madini.

Siandiki juu ya katikati ya ziwa. Nataka kuongea juu ya zile mita 100 ao 200 za mwisho, pale mtu anaona tayari mti wa kwao na mtoto wake anamupigia mkono. Watu wengi wanaamini kwamba hapo hatari imekwisha. Mimi nasema hapo njo inaanza, na kosa kubwa tunalolifanya ni kumlazimisha dereva aingie wakati yeye mwenyewe anaona kwamba haifai.

Mnakumbuka Merdi. Tarehe 3 Oktoba 2024 ilitoka Minova, imejaa watu kupita kipimo, kwa sababu vita ilikuwa imefunga barabara ya kwenda Goma na watu hawakuwa na njia ingine. Ilipinduka mbele ya bandari ya Kituku. Watu waliosimama pwani waliona yote kwa macho yao, wengine walipiga picha na simu. Ilikuwa imefika, kwa hesabu ya abiria. Kwa hesabu ya maji ilikuwa bado. Na mbele ya hiyo, Desemba 2014, Mutambala ilizama ndani ya Tanganyika usiku wa upepo, ikaua zaidi ya watu 100. Nazitaja hizi mbili kwa sababu kila mtu anazijua. Mabwato madogo ya watu 15 ao 20, yale yanayopinduka mbele ya kijiji, hata gazeti haliandiki.

Tuangalie kwanza wimbi lenyewe. Katikati ya maji marefu wimbi linapanda na kushuka, bwato inapanda na kushuka pamoja nalo, tumbo linauma, lakini tunapita. Likifika karibu na pwani, chini yake linagusa mchanga, linapunguza mwendo, huku juu yake bado linakimbia. Linasimama wima, halafu kichwa chake kinaanguka mbele na povu. Wimbi la mita 1 linavunjika pale ambapo maji yamebakia na urefu wa mita 1 na sentimita 30 hivi. Kwa hiyo ukiona povu mbali na pwani, ujue kuko mchanga ama mawe chini pale, hata kama maji yanaonekana mengi. Na maji yenye kuvunjika hayana tena ile kazi ya kupandisha na kushusha tu. Yanasukuma, yanabeba, yanageuza.

Kuko udanganyifu moja ambao wageni hawaujui. Ukiwa upande wa ziwa, unaangalia mawimbi kwa mgongo. Mgongo wa wimbi ni laini, umelala, hauna povu. Mtu aliye pwani anaona uso wake mweupe na anaogopa, lakini wewe uliye ndani ya bwato unasema: "Ah, ni madogo." Ndiyo maana dereva mzuri anasimama nje ya mstari wa povu na kuangalia muda mrefu. Abiria wanafikiri amelala. Anahesabu. Mawimbi yanakuja kwa makundi: matatu, mane, tano makubwa, halafu yanapumzika kidogo, halafu yanarudi. Anatafuta yale mapumziko.

Mahali pabaya zaidi ni mdomo wa mto. Chukueni Ruzizi. Inashuka kutoka kaskazini, inaleta mchanga na udongo, inautupa pale inapokutana na ziwa. Wakati wa kiangazi, kuanzia mwezi wa 5 mpaka mwezi wa 9, upepo wa kusini unatembea juu ya Tanganyika kwa urefu wake, na ziwa lile liko na karibu kilomita 670. Wimbi lililopata nafasi ya kukimbia namna hiyo linafika kaskazini na nguvu, linakutana uso kwa uso na maji ya mto yanayotoka. Wimbi likipinganishwa na mkondo linakuwa fupi na wima, moja nyuma ya ingine, bila nafasi ya bwato kupumua. Mahali ambapo asubuhi mama alivuka akiwa ameshika mtoto mgongoni, saa nane ya mchana hapapitiki tena. Mahali ni pale pale na bwato ni ile ile.

Ziwa Moero ni la namna ingine. Halina kina kirefu kama Tanganyika, kwa hiyo upepo kidogo tu unatosha kutengeneza mawimbi mafupi ya kukata kata, na mara nyingi chini ni karibu. Wavuvi wa kule wanajua. Anayetoka Lubumbashi na suti yake, anayekimbilia mkutano, yeye hajui.

Tena miaka hii ya mwisho maji ya Tanganyika yamepanda sana, mnakumbuka 2020 na 2021, halafu tena 2024: Kalemie, Uvira, nyumba ziliingiliwa, watu walihama. Kwetu sisi wa mabwato maana yake ni hii: pwani ya zamani iko chini ya maji. Kuko kuta za nyumba, visiki vya miembe, nguzo, vyote vimefichwa sentimita 50 chini ya maji, na wimbi linavunjika juu yavyo mahali ambapo zamani lilipita kimya. Dereva aliyezoea mlango miaka 20 anapashwa kuujifunza upya.

Sasa, namna gani wanaojua wanaingia? Nimewauliza wengi kwenye njia ya Kalemie na Moba, na wanasema karibu neno moja. Mwenye mota anangoja kundi la mawimbi makubwa lipite, halafu anapanda mgongo wa lile la mwisho na kulifuata kwa mwendo wake lenyewe. Halipiti. Akilipita, pua ya bwato inashuka upande wa mbele wa wimbi, inachimba maji, mkia unanyanyuliwa, mota inazunguka hewani, bwato inageuka na kutoa ubavu. Wimbi linalofuata linamaliza kazi. Akikawia sana nako, lile la nyuma linamukuta na kuingia kwa mkia. Kwa hiyo mkono wake uko kwenye gazi wakati wote, anaongeza, anapunguza, na macho yanaangalia nyuma kuliko mbele. Na akishaanza kuingia, hageuki katikati. Kugeuka katikati ya povu ni kumpa adui ubavu. Ndiyo maana uamuzi unafanyika nje, kwa utulivu, na petroli ikiwa imeongezwa tayari ndani ya mota.

Mwenye kasia hawezi kukimbia pamoja na wimbi. Yeye anafanya kinyume: anageuza pua iangalie ziwa, mgongo wake uangalie pwani, na anarudi kinyumenyume. Wimbi likija anapiga kasia kuliendea, linapita chini yake, kisha anarudi tena nyuma kidogo. Inaonekana kama mtu asiyejua anakwenda wapi. Lakini hata RNLI, lile shirika la Waingereza la kuokoa watu baharini lililoanza 1824, liliandika shauri hilo hilo kwa mabwato ya makasia katika karne ya 19. Wengine wanafunga kamba ndefu nyuma, mwisho wake ndoo ama mfuko wenye mdomo wazi, ivute mkia na kuzuia bwato isigeuke. Kamba na ndoo, bei yake ni ya chupa chache za pombe.

Kutoka pwani kwenda ziwani wakati wa mawimbi ni shida ingine, fupi kuielezea: pua mbele kabisa, nguvu ya kutosha ili wimbi lisikurudishe, lakini si nguvu ya kuirusha bwato juu na kuiangusha upande wa pili. Na kama hamuwezi kuisukuma mpaka nje ya povu bila maji kuingia, ni jibu tosha. Leo hakuna safari.

Sisi abiria nasi tuko na kazi yetu, na ni kazi ya kukaa chini. Nimeona mara nyingi: pwani inakaribia, watu wanasimama, wanakusanya mizigo, vijana wanakimbilia mbele ili waruke wa kwanza. Uzito wote unapanda juu na kwenda puani, saa ile ile dereva anahitaji pua iwe nyepesi. Kaeni katikati na nyuma kidogo, chini kabisa, mikono ishike bwato. Ikipinduka, mbao inaelea, ishikeni, lakini muwe upande wa ziwa. Anayekuwa kati ya bwato na pwani, wimbi linamutupia bwato yote juu ya mwili.

Hapa naingia kwenye mambo yetu wenyewe, mifuko. Mfuko wa maharagi unaonekana mkubwa, mtu anaona bwato imejaa, anaogopa. Mfuko wa kasiterite wa kilo 50 ni mdogo, unauficha kati ya miguu. Jiwe la kasiterite liko na uzito karibu mara 7 wa maji. Malakiti yetu ya Katanga ni karibu mara 4. Mnunuzi anaweka mifuko 20 chini ya mbao, juu yake inabakia nafasi, na anasema: "Bwato iko bule, ongeza watu." Macho yanaona nafasi. Ubavu wa bwato unaona tani nzima. Ungeniuliza mimi, ningesema: msiangalie nafasi iliyobakia ndani, angalieni upande wa inje, ni viganja vingapi vimebakia kati ya maji na ukingo. Chini ya viganja viwili kwa bwato ndogo, mimi sipandi, hata kama tiketi nimelipa.

Halafu mifuko haifungwi. Madini yakiwa chini, katikati, na yamefungwa, yanasaidia hata bwato kusimama imara. Yakiwa wazi, wimbi la kwanza la ubavu linayasukuma upande mmoja, bwato inalala, na hairudi tena. Ndani ya mgodi hakuna mtu anayekubali vagone yenye mzigo usiofungwa kwenye mteremko. Juu ya maji tunakubali kila siku.

Kuko safari moja nilikuwamo, kusini mwa Kalemie, mwezi wa 7. Tulifika mbele ya kijiji saa tisa, upepo umeamka, povu iko kwa mistari mitatu. Mzee aliyeshika mota alisimamisha bwato inje, akasema: "Tungoje." Tukangoja saa nzima. Watu wakaanza: "Papa, tuingie tu, tuko na njaa." "Wewe dereva gani, mwoga namna hii?" Mfanyabiashara mmoja mwenye mifuko akamuambia kwamba hatalipa nusu ya pesa iliyobakia. Yule mzee hakujibu. Akaiwasha mota, akaenda nyuma ya rasi, mwendo wa karibu saa moja na nusu, mahali ambapo mlima unakinga upepo, na tukashuka kwenye maji ya kulala. Tulilala kule kwenye mchanga. Asubuhi tukatembea kwa miguu. Ile nusu ya pesa kweli hakulipwa.

Hii njo inaniuma. Mtu aliyetufikisha wazima alipoteza pesa. Kama angeingia na bahati, angelipwa yote na kusifiwa. Tunalipa ujasiri, tunakata mshahara wa akili. Ukifanya hivyo miaka 10, njia ile itabakia na madereva gani? Wale wanaoingia tu.

Sisi watu wa migodi tunaijua hii habari kuliko mtu mwingine. Ni miaka mingapi tumepigania kwamba mchimbaji akiona mlango wa shimo unapasuka, atoke bila kuomba ruhusa, na asikatwe siku yake? Mkataba namba 176 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa 1995, juu ya usalama wa migodi, unasema wazi: mfanyakazi aliye na sababu nzuri ya kuona hatari kubwa ana haki ya kujiondoa mahali pale. Kwa Kifaransa cha mikutano yetu tunaita "droit de retrait". Kapita anayesukuma watu ndani ya shimo lenye kulia tunamwita muuaji. Mbona kwenye bwato sisi wenyewe tunageuka kuwa kapita?

Najua watanijibu: njaa haingoji, soko halingoji, mnunuzi anaondoka kesho. Ni kweli. Najua pia kwamba madereva wengine ni walevi, wengine hawajui kitu, na kungoja kwao ni uvivu tu. Lakini tuwe wa kweli: kwenye pwani zetu tatizo la dereva anayengoja kupita kiasi ni nadra. Tatizo la yule anayeingia kwa sababu watu 30 wanamupigia kelele, hilo tunalizika kila mwaka.

Jambo lingine ambalo linahusu bajane. Kwenye mgodi mkubwa, hakuna anayeshuka bila kuacha jeto yake juu. Jeto ikibakia kwenye ubao jioni, tunajua nani hajatoka. Kwenye bwato, orodha ya abiria ama haipo, ama iko na majina 40 na watu 90. Sheria yetu ya usalama wa jamii inahesabu ajali ya njia ya kwenda kazini kama ajali ya kazi. Lakini mama mjane atathibitisha nini, kama jina la bwana yake halikuandikwa mahali popote? Nimeketi na wajane namna hiyo mbele ya meza za watu wa ofisi. Wanaombwa karatasi. Karatasi iko chini ya ziwa, ama haikuandikwa kamwe juu ya abiria wa ziada asiyelipiwa kodi. Na mchimbaji wa mikono, yule asiyetangazwa kazini, yeye hata meza ile haifiki. Kwa hiyo andikeni jina wenyewe. Mbele ya kupanda, tuma ujumbe nyumbani: jina la bwato, saa, tuko wangapi. Piga picha ya bwato ikiwa bado pwani. Ni kitu kidogo, na kimekwisha kusaidia familia.

Na pesa ya kutengeneza pwani iko. Kanuni ya Madini ya 2018 inatoa asilimia 15 ya redevansi kwa sekta, shefri ama komine ambapo mgodi uko, na inaagiza kompani iweke angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii. Kila mwaka tunaona zinajengwa ofisi, uzio wa ofisi, na tena uzio wa uzio. Sijaona bado gati moja ya mawe yenye kukinga wimbi, wala mlingoti wenye bendera nyekundu ya kuwaambia walio ndani ya ziwa kwamba mlango umefungwa leo. Hata nguzo mbili zilizopakwa rangi nyeupe, moja nyuma ya ingine, ili dereva akiziona zimelingana ajue njia salama iko pale, hiyo ni kazi ya siku moja na mfuko moja wa simenti.

Wenzetu wa pande za ziwa wametuandikia tuyaingize haya kwenye karatasi ya madai ya kikao kinachokuja. Nimeshayaandika, mistari mitatu. Mosi, kompani ama koperative inayosafirisha watu wake kwa bwato itoe jileti kwa kila kichwa, na orodha ya majina ibakie pwani. Pili, mifuko ya madini na watu wasipande bwato moja kupita kipimo kilichochorwa ubavuni. Tatu, siku ya kungoja upepo ihesabiwe siku ya kazi, kwa abiria mfanyakazi na kwa dereva, na hakuna anayekata pesa ya dereva kwa sababu alikataa kuingia.

Mstari huo wa tatu njo wataupinga. Tayari mmoja wao ameniuliza nani atathibitisha kwamba kulikuwa upepo. Nilimjibu aje mwenyewe mwezi wa 7, tutamupangia nafasi ya kukaa mbele, puani.